Sange Alivyoirusha Saa ya Birika

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Pakawa na nini?"

"Utuambie wewe, sisi tumeleta masikio."

"Haya, yafungueni."

Si hapo kale za mababu. Ni kale za juzijuzi, wanyama walipokuwa na mtandao wao. Katika nchi moja kavu palikuwa na birika la maji lililozungushiwa ukuta wa mawe, na ukuta ule ulikuwa na lango moja la chuma. Lango halikuwa na bawabu. Lilijifungua lenyewe kwa saa. Zamu yako ikifika, ngweee, linafunguka. Zamu yako ikiisha, ngwaa, linajifunga. Kiangazi kile hapakuwa na maji mengine popote.

Sasa lango lenyewe halikuwa na saa. Lilimuuliza Ruta, kisanduku kidogo chenye vijicho vya kijani, kilichowekwa juu ya kichuguu pale njia panda. Nyaya zote za nchi zilipita kwa Ruta, na kila habari aliifikisha inakotakiwa. Lakini Ruta naye hakuwa na saa. Alimuuliza Saa Kuu, aliyekaa kilimani chini ya uangalizi wa ndege Hondohondo. Basi lango likamuuliza Ruta, Ruta akamuuliza Saa Kuu, Saa Kuu akalitazama jua, na kila mnyama akanywa.

Kisha mambo yakaharibika. Swala alikuja kwa zamu yake, akamkuta Kiboko majini. Ngiri alikuja kwa zamu yake, akamkuta Kiboko majini. Nyati naye alikuja, akamkuta Kiboko bado yumo majini, macho kayafumba, anapuliza mapovu, bwu bwu bwu. Walipomwambia kwamba zamu yake ya alfajiri ilikwisha zamani, aliwajibu bila kufumbua jicho kwamba waliulize lango. Na lango, likiulizwa, lilisema ni alfajiri. Jua liko utosini, lango linasema alfajiri. Siku Kiboko alipoamua kutoka, alichowaachia wenzake kilikuwa tope.

Ndipo wakamwita Sange.

Sange ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu utadhani alianza kuumbwa tembo, kisha udongo ukaisha. Siku nzima anafagia vijia vyake kichakani, asije akakwaa jani siku ya kukimbia. Kwa hiyo hakuna aliyejua njia za nyaya kumshinda. Alikuwa fundi hodari. Yeye mwenyewe alijua kwamba ni hodari, na alipenda wengine nao wasisahau.

Hakwenda kwa Kiboko kwanza. Alianzia langoni, akaliuliza saa limepewa na nani. Likasema na Ruta. Akaenda kwa Ruta, chwi chwi chwi, pua mbele.

"Ruta, saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nani kakwambia?"

"Saa Kuu."

"Saa Kuu wa kilimani?"

Ruta alipepesa vijicho vyake. Alieleza kwamba wa kilimani alikuwa akimwita kila siku, na kila siku kimya. Baadaye akajitokeza mwingine hapa jirani, akasema yeye ndiye Saa Kuu, na huyu hakawii kujibu. Ruta haoni, anasikia tu. Anayejibu ndiye anayemwamini.

Sange akaufuata waya wa huyo jirani, chwi chwi chwi, ukamfikisha kando ya birika. Hapo palikuwa na saa kuukuu ya Kiboko, imetundikwa ukutani, na kila Kiboko alipotaka kuendelea kuoga aliurudisha mshale nyuma kwa pua. Akaufuata waya wa kilimani, chwi chwi chwi, akakuta umebanwa na jiwe kubwa mno. Nyayo zilizolizunguka lile jiwe hazikuwa za mnyama mwingine ila Kiboko.

Kosa alikuwa amelijua. Lililobaki ni dawa, na jiwe lile hata Nyati asingelisogeza. Sange akapanda kilimani kutaka ushauri.

Hondohondo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia jambo moja. Jiwe likiondoka, Ruta atamsikia tena Saa Kuu, na Ruta anaweza kuamriwa kwa njia mbili: aifuate saa ya kweli polepole, kila siku kidogo, mpaka aifikie, au airukie mara moja. "Mwambie aifuate polepole, fundi," alisema. "Saa ikiruka, zamu zilizo katikati zinamezwa. Na wapo walio njiani."

Sange aliitikia. Lakini aliposhuka kile kilima alikuwa akiwaza mengine. Ikienda polepole, Kiboko angepunguziwa kidogo leo, kidogo kesho, wala asingejua, wala watu wasingeona. Nani atamsifu fundi kwa jambo lisiloonekana?

Njiani asubuhi ile alimkuta Bi Kobe, anatoka kwake kwenye majabali ya mbali. Zamu yake ilikuja mara moja kwa juma. Sange alimwamkia, akamwuliza mbona anatembea sasa, na kwa jua zamu yake iko karibu kupita.

"Jua niliacha kulifuata, mjukuu wangu," Bi Kobe alisema. "Nililifuata mara ya kwanza nikakuta lango limefungwa, nikangoja mpaka nikaona kizunguzungu. Mimi sina miguu ya kwenda na kurudi. Lango likichelewa, nami nachelewa nalo. Leo nitafika alasiri, nalo litanifungukia."

"Utafika, bibi," Sange akasema, akampita.

Alipofika birikani jua lilikuwa utosini, na wanyama walikuwa wamejaa nje ya ukuta. Akapanda ukutani wote wamwone. Akamsalimu Kiboko kwa heshima, akamsifia saa yake. Kisha akasikitika kwa sauti kwamba bwana mkubwa kama yule ana zamu fupi vile.

Kiboko akafumbua jicho moja.

"Ungeongezewa saa sita, bwana mkubwa, ungeona raha gani?"

Kiboko akafumbua jicho la pili. "Saa sita juu ya hizi nilizo nazo?"

"Juu ya hizo hizo. Zipo kilimani, zimejaa tele. Haziteremki tu kwa sababu waya umebanwa na jiwe, na jiwe lenyewe, nasikia, hakuna mwenye nguvu za kulisogeza."

Kiboko alitoka majini maji yakimchuruzika, akapita langoni bila kugeuka nyuma. Akaliinamia jiwe. Akasukuma, hmmm. Akasukuma tena, hmmmm. Jiwe likabingirika, gudu gudu gudu. Huku nyuma Sange alikwisha kuukata kwa meno waya wa ile saa kuukuu, krr krr krr, naye mbio mpaka kwa Ruta.

"Unamsikia wa kilimani?"

"Namsikia. Anasema saa sita mchana. Nimfuate polepole, au niruke?"

Hapo Sange alisimama. Alimkumbuka Hondohondo. Alimkumbuka na Bi Kobe, si kwamba hakumkumbuka. Lakini nyuma yake wanyama wote walikuwa wakimtazama kutoka ukutani, na Kiboko alikuwa nje ya lango, anarudi kuoga.

"Ruka," akasema.

Saa ikaruka kutoka kumi na mbili asubuhi mpaka sita mchana. Kiboko akawa ameongezewa saa sita, zote kwa mpigo, na zamu yake ikawa imekwisha zamani. Lango likajifunga, ngwaa, puani pake. Wanyama walicheka mpaka wakalala chini. Walimbeba Sange juu juu, naye akiwa huko juu akawatangazia kwamba tangu leo kila mnyama na zamu yake, hakuna wa kuingilia ya mwenzake.

Zamu za asubuhi zilimezwa, kama Hondohondo alivyosema. Swala alisema si neno, atarudi kesho. Ngiri naye akaondoka mbio, mkia juu.

Alasiri Bi Kobe akafika. Akakuta Nyati na kundi lake wamejaa birikani. Alisimama langoni, shingo kainyosha, akangoja kuitwa. Sange akamwendea, maana hakukuwa na mwingine wa kumweleza. Akamwambia zamu yake imepita.

"Imepita lini," Bi Kobe akauliza, "nami nilikuwa njiani?"

Sange akageuka mbio. Alikwenda kwa Nyati kuwaomba wamwachie nafasi kidogo tu. Wakamwambia ni yeye aliyesema kila mnyama na zamu yake. Alikwenda kwa Ruta kumwomba arudishe saa nyuma, na Ruta akamjibu kwamba Saa Kuu amekwisha kusema, harudi nyuma. Aliporudi langoni, Bi Kobe alikuwa ameshageuka na kushika njia. Sange alimkimbilia, akamsihi alale pale. Bi Kobe alisema pale langoni usiku ni pa fisi, afadhali majabali yake. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba zamu nyingine si mbali, na wala hakugeuka.

Juma lile Sange alisifiwa kila alikopita, naye alijificha. Zamu ya Bi Kobe iliporudi, alikuwa langoni mapema. Ngweee, lango likafunguka. Maji yalikuwa mengi, safi, yametulia. Hakuja mtu. Ngwaa, likajifunga.

Akaifuata njia ya majabali. Hakwenda mbali sana. Alimkuta kwenye mbigili, kichwa na miguu kaviingiza ndani. Sange akagonga gamba, ko ko ko, kama mtu apigaye hodi.

Akagonga tena.

Baadaye wanyama walimwambia aifute zamu ile, au ampe mwingine, kwa kuwa maji ni ya kugombewa. Kwa fundi kama yeye ni kazi ya kufumba na kufumbua. Aliwajibu kwamba ataifanya. Mvua zikanyesha, kiangazi kingine kikaja, na bado anasema ataifanya. Kila juma lango linafunguka, halina wa kumfungukia, linakaa wazi muda wake wote, kisha linajifunga.

Ngano yangu imekaukia hapo. Aliyeonja utamu, aondoke nao. Aliyeonja uchungu, aniachie mimi.

"Na fundisho, je?"

Fundisho lipo, ngano gani haina fundisho? Enyi makobe wote mnaonisikia, jifunzeni kukimbia. Mwendo wa pole ndio unaoua, na haraka haraka, kama mlivyosikia, ndiyo yenye baraka.