Muosha Maiti na Jibu la Wali

Bisheni. Bisheni sasa hivi, maana nawajua: mtanyamaza mpaka mwisho, halafu mmoja wenu ajifanye msomi aulize, "Hicho kisa kiko kitabu gani?" Mimi chuo nilikikimbia nikiwa juzuu ya nne, na fimbo ya mwalimu bado naisikia mgongoni. Lakini kwa visa vya waja wema wa kale, nileteeni masheikh watatu na vilemba vyao, nitawakalisha chini wote. Asiyeamini na asimame. Hakuna? Basi kaeni vizuri.

Imepokewa, kinywa kwa kinywa, kutoka kwa watu waliokuwa wakiogopa uongo kuliko sisi tunavyoogopa njaa, kwamba palikuwa na mji uitwao Marwazani, mji wa mazulia na misafara ya ngamia. Ndani yake aliishi mwanamke mcha Mungu, Bi Ghaliya binti Yasar, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, na aliifanya miaka thelathini na moja. Hakuna mwanamke aliyekufa mjini mle asipite mikononi mwake, awe mke wa tajiri au mke wa mchoma mkaa. Na hakuna mtu aliyewahi kusikia kinywani mwake alichokiona chini ya shuka.

Wenzake walimchokoza sokoni. "Bi Ghaliya, hebu tuambie, yule mke wa mfua shaba alikuwa na kovu kweli?"

"Ngoja zamu yako," akajibu. "Nitakwambia ukiwa husikii."

Wakacheka, yakaisha. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, naye mama yake na bibi yake: muosha husitiri.

Sasa, mjini humo palikuwa na nyumba ya ukuta mrefu, mali ya Bwana Jalabi, swahibu wa Wali, mtawala wa mji. Wasichana waliletwa pale kutoka vijiji vya milimani. Wazazi waliambiwa watoto wanakwenda kufundishwa kufuma mazulia, wakaamini, nani asingeamini? Wasichana waliingia kwa mlango wa mbele mchana kweupe, na hakuna jirani aliyewaona wakitoka. Ila katika miji ya ng'ambo ya jangwa watu walianza kuwakuta majikoni mwa matajiri, wakiwa wamekwisha kuuzwa, wakiuliza kwa lafudhi ya milimani njia ya kurudi kwao.

Habari zikawafikia watawala wa nchi tatu jirani. Wakaandika barua moja kwa huyo Wali, jina lake Mundhir: "Tumesikia kwamba mjini mwako binadamu wanauzwa. Ikiwa ni kweli, misafara yetu haitapita tena kwako. Tunatuma wajumbe waje wajionee."

Wali alijibuje? Chekeni hapa, kwa sababu mbele hamtacheka. Alipanda mimbari siku ya Ijumaa akasema hiyo ni husuda ya watu wasioweza kufuma hata mkeka. Akaunda baraza la uchunguzi, na mwenyekiti wake akamweka, mtaamini? Bwana Jalabi. Akaamuru ukuta wa ile nyumba upakwe chokaa, na juu ya mlango paandikwe kwa wino wa kijani: Nyumba ya Hifadhi ya Mayatima. Baraza likakaa siku mbili, likala kondoo wawili, likatangaza kwamba halikuona kitu.

Siku nne kabla ya wajumbe kufika, Bi Ghaliya aliitwa katika nyumba ile. Msichana amekufa, alisema bawabu, kwa homa.

Muosha haoshi peke yake. Lazima pawe na mtu wa kummiminia maji, na siku zote Bi Ghaliya alikwenda na jirani yake. Bawabu akakataa. Mgeni mmoja anatosha, akasema, na akampa msichana wa humo humo ndani, wa miaka kama kumi na sita, jina lake Sukayna.

Bi Ghaliya alianza kwa Bismillahi, upande wa kulia, kwa maji ya majani ya mkunazi. Nyuma ya sikio la marehemu aliona doa jeusi, dogo mfano wa punje ya kunde. Akadhani ni rangi ya mazulia. Akasugua. Aliosha mara tatu, doa lipo. Akaosha mara tano. Akafika mara saba, akisugua kwa kidole gumba huku akimwomba marehemu radhi, na doa liko pale pale.

Sukayna akaacha kumimina. "Bibi, hiyo haitoki."

"Rangi gani hii isiyotoka, mwanangu?"

"Si rangi. Ni chuma cha moto." Akasogeza ushungi, akageuza shingo. Nyuma ya sikio lake la kulia palikuwa na doa lile lile, na sasa Bi Ghaliya akalitambua. Ni alama iliyopigwa kwenye marobota yote ya Bwana Jalabi. "Tunayo sote, ishirini na sita. Mnunuzi anatazama hapa kwanza, ndipo anatutazama usoni."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Siku ukiitwa kuniosha mimi, usinisugue sana. Utajichosha bure."

"Wewe hutafia humu," Bi Ghaliya akasema. "Wallahi, nitakutoa."

Kiapo kilimtoka kabla hajakipima. Alikwenda nacho nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto kiganjani, na kila alipotaka kukiweka chini aliona ile shingo ikigeuka.

Kesho yake Kadhi Abu Lubaba alimjia na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilisema kwamba yeye, muosha maiti wa mji, ameosha wanawake wote waliofariki katika Nyumba ya Hifadhi, na hakuona mwilini mwao ila dalili za homa. Palibaki kidole gumba chake tu.

"Siwezi kusema sikuona, Kadhi."

"Basi usiseme uliona," Kadhi akamjibu kwa upole, na upole wa mtu yule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Muosha husitiri. Hayo uliyajua kabla mimi sijaota ndevu. Ukifunua siri ya maiti, Bi Ghaliya, utamjibu nini Mola wako?"

Akaondoka, karatasi akaiacha juu ya jamvi. Bi Ghaliya alifunga siku tatu. Aliswali mpaka magoti yakafa ganzi, akitaka ajue lipi linamwangamiza: kuvunja amana ya kazi yake, au kuvunja kiapo. Hakuota ndoto wala hakusikia sauti. Nyinyi mliozoea visa ambamo malaika hushuka, samahani, katika hiki hakushuka.

Wajumbe wakafika. Wawili walikuwa wanaume wenye haraka. Wa tatu alikuwa Bibi Arwa, kikongwe aliyetumwa na malkia mjane wa nchi ya kaskazini. Walikalishwa barazani kwa Wali juu ya mito ya hariri, na mashahidi wakaanza kupita: maimamu, wafanyabiashara, wazee wa mitaa. Wote hawakuona kitu. Mji mzima ulikuwa umeshikwa na upofu kwa siku moja. Hatimaye akaitwa Bi Ghaliya, na Kadhi akawahi kusema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba aliye hai husema, ama aliyekufa, yake husitiriwa.

Bi Ghaliya akaiweka ile karatasi chini. Haikuwa na alama ya kidole.

"Ni kweli niliamrishwa nisitiri aibu ya maiti," alisema. "Nimeitafuta aibu ya yule binti mwilini mwake kote, sikuiona. Niliyoiona ni aibu ya mtu mwingine, na mtu huyo yu hai. Amekaa pale, anakula tende."

Bwana Jalabi akaacha kutafuna. Naye Bi Ghaliya akawaeleza habari ya chuma cha moto, na maji ya mara saba.

Wali akacheka. "Mama yetu amechoka. Ushahidi uko wapi? Msichana amezikwa. Unataka tumfukue?"

Wanasimulia kwamba Bi Ghaliya alifumba macho. Jina lilikuwa ulimini. Asipolitaja, kiapo chake ni bure na wasichana ishirini na sita watavuka jangwa. Akilitaja, litakuwa limesikiwa na kila aliyemo barazani.

"Msimfukue mtu," akasema. "Yuko Sukayna. Mwiteni, Bibi Arwa amtazame nyuma ya sikio la kulia."

"Ataitwa," Wali akasema huku akitabasamu. "Lakini wageni wenye njaa hawawezi kukagua masikio ya watu. Kwanza chakula."

Na wajumbe, wallahi, wakala. Pilau ya mwanakondoo, zabibu kavu juu yake. Bi Ghaliya alikaa kizingitini, hakugusa hata maji.

Baada ya sala ya adhuhuri, yeye na Bibi Arwa waliitwa ndani ya ile nyumba ya ukuta mrefu. Bibi Arwa alipotoka, mikono yake ilikuwa imelowa. Aliwaambia wenzake neno moja tu:

"Ipo."

Ukweli ukasimama, basi, mbele ya Wali na Kadhi na mji mzima, na hakuna aliyeweza kuukalia. Wali akabadilika rangi. Siku ile ile likasomwa tangazo sokoni, na tangazo lilisema hivi: kuanzia leo ni marufuku katika mji wa Marwazani kumtia binadamu alama ya moto.

Ndiyo. Alama. Kuuza hakukutajwa.

Wasichana wenye alama walipandishwa ngamia warudishwe kwao, wakaagwa kwa dua, na milimani hakufika hata mmoja. Waliokuja baada yao walikuwa na masikio safi. Bwana Jalabi alivuliwa uenyekiti wa baraza, akapewa kazi ya kusimamia tangazo. Wajumbe wawili waliandika kwao kwamba wameona hatua kubwa, wakaondoka na zulia kila mmoja. Bibi Arwa lake aliliacha mlangoni, limekunjwa. Misafara ikaendelea kupita. Na Bi Ghaliya akakatazwa kuosha maiti maisha yake yote, kwa kosa la kutositiri.

Zingatieni, enyi wenye akili. Mja mwema hataulizwa kama mji ulisikia. Ataulizwa kama alisema. Bi Ghaliya alisema, na ujira wake uko kwa Mola wake, kwa kuwa duniani haukuonekana.

Wewe uliyekwisha kuinuka, rudi ukae. Masheikh huishia hapo, nami huishia hapo, nikapokea sifa nikaenda zangu. Lakini kuna kipande nimekificha.

Nimesema Bibi Arwa aliitwa ndani. Sikusema huko ndani kulikuwa na nini. Wajumbe walipokuwa wanakula, Bwana Jalabi aliondoka kwa kisingizio cha kunawa. Alikuwa amemsikia Kadhi vizuri kuliko sisi sote: aliye hai husema, aliyekufa husitiriwa. Sahani zilipoondolewa, bawabu akaja na habari kwamba Sukayna ameshikwa na homa ya ghafla, Mungu amlaze pema, na muosha ni huyu hapa kizingitini.

Bi Ghaliya hakupiga kelele. Alisema tu, "Nahitaji mtu wa kunimiminia maji," akamnyooshea kidole mjumbe wa malkia. Desturi ni desturi, hakuna aliyeweza kukataa. Bibi Arwa akamimina, na alama akaiona katika maji ya kwanza.

Huwa naiacha hii kwa sababu siku moja nilimsimulia mama yangu, akaniuliza, "Sasa huyo binti, jina lake lilitajwa na nani?" Mimi, ninayejibu kila kitu, nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Na Bi Ghaliya alilijua jibu kwa miaka tisa aliyobakiza, katika kila sujudi.

Alimwosha Sukayna mara tatu, polepole, upande wa kulia kwanza. Alipofika nyuma ya sikio hakusugua.