Juzuu ya Kumi na Saba

Wamepokezana wasimulizi wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama ambazo misahafu ilinakiliwa kwa mkono, aliishi mcha Mungu mmoja akiitwa Bi Mwanatumu, msukaji wa mikeka. Umri wake ulikuwa miaka sitini na mitano. Sala hazikumpita, Jumatatu na Alhamisi alifunga, na jirani yake mgonjwa hakulala na njaa. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua ila yeye na Mola wake. Hakujua kusoma.

Desturi ya mji ule ilikuwa, mwanamke akifa, wenzake hukusanyika siku ya tatu kumsomea khitma. Msahafu ulitenganishwa juzuu thelathini, kila moja na jalada lake, zikagawiwa wasomaji thelathini. Wote walisoma kwa pamoja, kila mmoja yake, hata Msahafu mzima ukatimia kwa kikao kimoja. Miaka nenda miaka rudi, Bi Mwanatumu alinyoosha mkono kabla ya wenzake na kuchukua juzuu ya mwisho, Amma, ambayo aliihifadhi kwa masikio tangu utotoni. Aliifungua, akapitisha kidole mstari baada ya mstari, akasoma kwa sauti tamu. Watu wakasema, "Mashallah, Bi Mwanatumu ana kisomo." Naye hakusema ndiyo, wala hakusema siyo.

Kisha akafariki sahibu yake mkubwa, Bi Mwanakombo. Siku ya khitma binti wa marehemu, Batuli, hakutaka wazee wahangaike kunyoosha mikono. Alizunguka mwenyewe akiwawekea juzuu mapajani. Bi Mwanatumu alifungua yake, akaona mistari mirefu iliyosongamana, akajua kuwa hii siyo Amma. Angeweza kusema. Lakini chumba kilijaa, na aibu ni mzigo mzito kwa mtu aliyezoea kusifiwa. Kidole chake kikapita juu ya maandishi asiyoyajua, na ulimi wake ukasoma Amma. Katika sauti thelathini, nani angesikia?

Dua ikaombwa. Batuli akakusanya juzuu na kuzipanga sandukuni, akihesabu. "Kumi na tano, kumi na sita." Akapokea ile ya Bi Mwanatumu. "Kumi na saba." Alipomaliza akajifuta machozi. "Alhamdulillahi, khitma ya mama imetimia."

Futari ya siku ile Bi Mwanatumu aliisukuma kando. Asubuhi alijitanda ukaya wake kichwani akaenda kwa Batuli.

"Mwanangu, khitma ya mama yako haijatimia."

"Imepungua nini, mama?"

"Juzuu ya kumi na saba. Ulinipa mimi, nami sikuisoma. Sijui kusoma. Sijapata kujua."

Batuli akauliza, "Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na mama alijua?"

"Hakujua. Alikuwa akinisifu kwa watu."

Hapo Batuli alilia, na kilio chake kilikuwa na hasira ndani yake. Alipotulia akasema, "Naweza kuisoma mimi sasa hivi, lakini siisomi. Mama alikupa sifa isiyo yako, basi ifanye iwe yako. Utaisoma wewe, kwa macho yako, hapa nyumbani kwake."

"Nina miaka sitini na mitano, Batuli. Nikifa kabla?"

"Ukifa nitaisoma mimi, na nitakusomea na wewe."

Habari zikaenea mjini kabla ya adhuhuri. Jirani yake, Bi Somoe, alimjia mlangoni na maneno yake. "Samaki mkunje angali mbichi, shoga. Wewe umeshakauka, hata paka hakutamani. Malaika wa kaburini, Munkari na Nakiri, hawatakuuliza herufi ya alifu, watakuuliza Mola wako nani."

"Na wakiniuliza juzuu ya kumi na saba imekwenda wapi?"

Bi Somoe akaomba chumvi, akaenda zake.

Bi Mwanatumu akaingia chuoni kwa Mwalimu Tima, binti wa miaka ishirini na sita aliyesomesha wasichana nyumbani kwake. Akaketi nyuma na kuitikia kama walivyoitikia watoto, kwa sauti moja, kwa kasi. Miezi mitatu ikapita, naye akaweza kuusoma ubao wake mzima bila kukwama. Mwalimu Tima akaweka kidole katikati ya ubao.

"Na hii, bibi, ni herufi gani?"

Akaanza tena ubao tangu mwanzo. Wasichana wakabana vicheko, wengine vikawaponyoka.

"Sikusoma, mwalimu," akasema. "Nilisikia tu. Nimelirudia kosa lile lile."

Siku mbili hakuonekana chuoni. Siku ya tatu Mwalimu Tima alimfuata, akamkuta anasuka. Hakumlaumu. Aliketi, akaokota miyaa ya mkeka, akasema, "Nifundishe."

Bi Mwanatumu akamwonyesha jinsi ukuti mwembamba unavyopita juu ya mmoja na chini ya wa pili. Mwalimu alikosea, akarudia, akakosea tena.

"Mbona sioni kwa nini huu unapindwa hapa?"

"Ah, kosa langu," akasema Bi Mwanatumu. "Mtoto ukimwambia pinda, anapinda. Mtu mzima umwambie kwanza kwa nini apinde, la sivyo mkono wake unakataa. Ukingoni lazima urudi ndani, ama ukili huu wote uliosukwa utafumuka."

Mwalimu Tima aliweka miyaa chini. "Basi bibi, nami nimekosa. Nimekusomesha kama mtoto."

Kuanzia hapo Bi Mwanatumu alikuja peke yake, baada ya sala ya alfajiri, wakati kichwa kimetulia. Herufi tatu kwa wiki, hazikuzidi. Mwalimu akamweleza kwa nini herufi hukata mkia wake inaposhikana na mwenzake, na kwa nini nyingine hukataa kushikana kabisa. Amma alimkataza kuisoma ubaoni. "Isome katika sala zako. Hapa ulimi wako unatangulia macho." Badala yake alimwandikia kwa herufi zile zile maneno ya nyumbani: nazi, samaki, kisima, na majina ya wajukuu, kwa kuwa ulimi haukuweza kubashiri leo ameandika nini. Siku aliyolisoma jina la mjukuu wake wa mwisho bila kuambiwa, alifunika uso kwa ukaya, akasema ni moshi, na jikoni hapakuwa na moto.

Alisahau mengi. Alichosahau alikirudia. Wasichana walimpita, wakahitimu, wakaolewa. Lakini kilichoingia kichwani mwake hakikutoka, na alipoufikia Msahafu, masikio yake ya miaka mingi yalimsaidia. Akikosea neno, sikio lililikataa kabla ya mwalimu.

Mwaka wa tatu, baada ya alasiri, aliketi katika chumba cha Bi Mwanakombo, akafungua juzuu ya kumi na saba. Msomaji mzuri huimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Yeye alichukua siku nne. Siku ya pili alikwama kwenye neno moja hata jasho likamtoka, na Batuli, aliyekuwa akifuatilia pembeni, akafungua mdomo.

"Usinisaidie," akasema Bi Mwanatumu. "Niache nifike."

Akafika. Siku ya nne alipotamka neno la mwisho, Batuli aliinua mikono akamwombea mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka. "Sasa imetimia, mama. Nenda kapumzike."

Bi Mwanatumu akafunga jalada, akalibusu, akamkabidhi.

"Lete ya kumi na nane," akasema.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Utawasikia wengi wakisema umri umewapita, kichwa kimekuwa kizito, elimu ni ya watoto. Kichwa huwa kizito kweli, na asiyekiri hivyo anajidanganya. Mtu mzima atakwenda polepole, atauliza sana, atarudia jana na juzi. Hayo yote yana dawa, nayo ni subira. Kinachomzuia hasa ni lile neno dogo la kusema mbele ya watu, "Sijui." Mola atujaalie kulitamka mapema, tukiwa bado na pumzi ya kujifunza, kwani kwake hakuna aliyechelewa akija na nia safi.