Risasi Moja Moja

Mzee Kipondya, mwenye uwanja wa shabaha, alibandika amri: bastola yoyote, hata inayojipakia yenyewe, itiwe risasi moja tu kila mara. Walinzi wakalia, maana mtihani wao wa kazi ulitaka risasi kumi mfululizo. Mmoja wao, Sikudhani, akaenda kumsifu.

"Shikamoo, mzee. Amri nzuri, ila mjanja ataficha risasi ya pili. Ingefaa kila risasi ikaguliwe na mtu makini."

"Nani huyo?"

"Nani zaidi yako?"

Kipondya akavimba kichwa, akaliongeza hilo kwenye tangazo.

Kesho yake walinzi arobaini wakapanga foleni, kila mmoja na risasi zake kumi. Kufika adhuhuri Kipondya alikuwa hajaketi, na jua linamchoma utosi.

"Zimebaki ngapi?"

"Mia tatu na ishirini tu, mzee," Sikudhani alijibu kwa adabu.

Kipondya akalibandua tangazo kwa mikono yake mwenyewe.