Mjane Aliyedai Safari ya Mumewe

Jumanne, tarehe 9 Mei, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mdogo wangu Elikana alikata roho. Malaria ilimpanda kichwani. Aliugua siku tatu tu. Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Elikana alikuwa mwinjilisti. Kila mwaka, mwanzoni mwa Julai, alipanda baiskeli yake kubwa ya chuma akaenda Ikongwa, kilomita mia moja na tisini kutoka kwetu Isunuka. Unaanza na lami, inafuata changarawe, halafu mchanga na njia za ng'ombe ndani ya pori. Ni siku tatu. Katikati hakuna duka, hakuna fundi, simu haishiki. Kule Ikongwa kuna kaya kumi na moja za Wakristo wasio na mchungaji. Walihubiriwa mara moja kwa mwaka, Elikana alipofika.

Siku ya kuondoa matanga tulifanya kama desturi yetu ilivyo. Vifaa vya marehemu viligawiwa ndugu zake wa kiume. Baiskeli ikaja kwangu, maana mimi ndiye mkubwa.

Mjane wake, Tabea, alikuwa amekaa mkekani na kina mama. Akasimama.

"Shemeji, baiskeli siitoi. Julai naenda Ikongwa."

Nikadhani ni uchungu unaongea. Nikamwambia taratibu, "Shemeji, Mungu amemchukua mumeo. Tulia."

"Amemchukua Elikana. Hakusema anachukua na safari."

Watu wakaguna. Mashishanga, fundi wa baiskeli wa kijiji chetu, akacheka. "Mama, mchanga wa kule unalaza wanaume. Wewe utaishia kuiuza baiskeli mnadani, urudi na punda."

"Nitakuletea huyo punda," Tabea akasema, "upate wa kuzungumza naye."

Kina mama walicheka na machozi yao. Mimi sikucheka. Nilikuwa mzee wa kanisa, nimeendesha baiskeli miaka arobaini, na mwanamke ananijibu mbele ya watu kwenye matanga ya ndugu yangu.

Baiskeli ikabaki uani kwake, na wiki zilizofuata hakujificha. Alifunga magunia mawili ya mchanga kwenye keria, akazunguka nayo kila siku hadi bonde la mto na kurudi. Alipoanguka, aliinuka, akafunga upya. Aliipindua baiskeli uani, akakaza spoki moja moja. Alikausha matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha, ya kutosha siku sita, akapima maji ya kunywa kwa kikombe. Kila jioni aliomba kwa sauti, na sisi majirani tulisikia: "Baba, sikuombi uniondolee mchanga. Nipe miguu."

Mwishoni mwa Juni nikamwita mbele ya kanisa, ibada ilipokwisha. Nikasema, watu wote wasikie, "Tabea, Jumamosi tutapima. Mimi kwa baiskeli yangu, wewe kwa ya marehemu. Mizigo sawa. Kutoka hapa mpaka ng'ambo ya mto mkavu, kilomita kumi na mbili. Lami ipo, changarawe ipo, mchanga upo. Ukinishinda, nenda Ikongwa. Nikikushinda, utanikabidhi baiskeli na utaketi nyumbani."

"Na iwe hivyo, shemeji. Ule vizuri Ijumaa."

Jumamosi Mashishanga alinijazia upepo mwenyewe. Sisi Isunuka tairi linagongwa kwa kidole, na lisipolia kama ngoma, hilo si tairi. Yangu yalilia. Kijiji kizima kilitangulia mtoni kutusubiri.

Kwenye lami nilimwacha mbali. Kwenye changarawe nilirushwarushwa, mzigo ukaanza kulegea, lakini nilikuwa bado mbele. Nikafika ukingoni mwa mto nikageuka. Nikamwona Tabea amesimama hatua chache nyuma yangu. Ameinama kwenye gurudumu. Psss. Akahamia la nyuma. Psss.

"Anatoa upepo!" Mashishanga akapiga kelele. "Jamani, anaua baiskeli!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikashuka mtoni nikicheka nao.

Sikufika hata katikati. Tairi langu lililojaa liliukata mchanga kama kisu, likazama mpaka kwenye rimu. Nikaanguka ubavu, gunia likanilalia mguuni. Nikamsikia akipita. Alikuwa anakwenda polepole sana, matairi yake yamelala bapa kama nyayo za ngamia, na mchanga unambeba.

Hakuna aliyecheka tena.

Alifika ng'ambo, akaegesha baiskeli kwenye kichaka, akarudi kwa miguu. Akaniondolea gunia. Akanipa maji.

"Nani alikufundisha kutoa upepo?" nikamuuliza. "Elikana?"

Akanitazama. "Shemeji, mdogo wako alikuwa na miguu na alikuwa na imani. Pancha alikuwa hajui kuziba."

"Unasema nini?"

"Safari ya kwanza alirudi anakokota, tairi limechanika. Safari ya pili ile ile. Ya tatu nikafunga mzigo mwenyewe, nikampima kwenye mchanga huu huu, nikamwonyesha pa kutoa upepo na pa kujaza. Miaka kumi na mbili nimeiandaa safari ya Ikongwa. Yeye aliiendesha."

Nilikaa palepale kwenye mchanga. Miaka kumi na mbili tulimsifu Elikana kanisani kwa kufika salama. Mkewe alikuwa amekaa benchi la nyuma, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Kwa nini hukusema siku ya matanga?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnagawa."

Tarehe 3 Julai aliondoka. Nilimshikia baiskeli akipanda, maana mzigo ulikuwa mzito, na nikaomba juu yake mbele ya watu wale wale. Alirudi baada ya siku kumi na tisa, amekonda, mweusi wa jua, na viraka viwili vipya kwenye mpira wa ndani. Watu tisa wa Ikongwa wanajiandaa kwa ubatizo. Mashishanga sasa hutoa upepo kwa kila anayevuka mto, na husema ni ujuzi wake. Tumemwachia.

Na kama kuna mtu atakayesema mwanamke yule alivunja desturi, aje aniambie mimi, kaka mkubwa wa marehemu. Nitampa baiskeli yangu na gunia la mchanga, na mto nitamwonyesha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, usikae na hadithi hii. Mfikishie mtu ambaye nyumbani kwao matanga bado hayajaondolewa.

Funzo: Kabla hujagawa alichoacha marehemu, muulize mjane wake anachokijua, maana huenda kazi uliyodhani imezikwa bado iko hai, nayo inadai njia.

Ee Bwana, mpokee Elikana, mtumishi wako. Umpumzishe miguu yake iliyochoka kwa ajili yako, umwangazie mwanga wako usiozimika, na siku ile utukutanishe naye. Amina.