Tope Jekundu la Sungura

Mwaka ule jua lilikausha kila kitu isipokuwa maneno ya Simba. Lambo lilibaki tope tupu. Kisima kilikuwa kimoja, cha Simba mwenyewe, na wanyama walipanga madumu yao foleni tangu alfajiri. Dumu la Bi Ngiri halikukosa kuwa la mwisho, maana mwenye wana saba hadamki kama mwenye mmoja. Zamu yake ikifika, ndoo ilikuwa ikikwangua mawe.

Simba hakupenda watu wagombane bila yeye kutazama. Akapiga mbiu.

"Foleni yenu imenichosha," alisema. "Mtashindana kwa baiskeli, mizunguko mitatu. Mnapita kwenye tope la lambo, mnazunguka kichuguu, mnavuka magogo baiskeli ikiwa begani, mnarudi hapa. Dumu la mshindi litakaa la kwanza mpaka mvua inyeshe."

Bi Ngiri hakuwahi kushindana katika maisha yake. Baiskeli yake ilikuwa ya kubebea maji, yenye keria ya chuma, na breki zake zilikuwa miguu yake mwenyewe. Swala alipoiona alicheka.

"Shoga, hilo dude utalibeba, au litakubeba?"

"Tutabebana," alisema Bi Ngiri.

Fisi aliwekwa kichuguuni kuhesabu mizunguko. Swali lake lilikuwa moja tu: kama kazi hiyo ina chakula. Sungura alilisikia swali hilo akatabasamu, na Sungura akitabasamu, wenye akili hushika mifuko yao.

Kipenga kikalia, na mstarini walikuwa watatu tu. Swala alifika kwenye tope, akatazama kwato zake, akatazama tope, akarudi nyumbani. Sungura akakatiza kwenye nyasi ndefu kavu, akapotelea humo nyuma ya kichuguu. Bi Ngiri peke yake ndiye aliyeingia lamboni. Tope likajaa kwenye mnyororo, magurudumu yakagoma, naye akaitupia baiskeli begani. Kwenye magogo alianguka, baiskeli ikamlalia juu, na watazamaji wakacheka mpaka wakakumbuka kwamba kucheka kunaongeza kiu.

Mzunguko wa pili alimkuta Fisi akitafuna mfupa.

"Mbona Sungura simwoni?"

"Amekuacha mbali, mama. Jitahidi."

Hapo Bi Ngiri alitaka kuacha. Lakini kando ya njia wanawe saba walikuwa wamesimama, mikia juu. Hawakumshangilia kwa sababu midomo ilikuwa imekauka. Uchungu ukampanda, akaendelea. Mzunguko wa tatu mnyororo ulikatika, akaisukuma baiskeli mpaka mwisho.

Alipofika, Sungura alishavikwa shada, maana Fisi alipiga kelele kutoka kichuguuni kwamba mizunguko yake imetimia. Alikuwa amepakaa tope mpaka masikioni, na dumu lake lilikuwa limeshawekwa mbele ya yote. Bi Ngiri alimsogelea ampe mkono, kama ilivyo desturi ya aliyeshindwa. Pua yake ikamsimamisha. Ngiri unaweza kumdanganya kwa mengi, si kwa tope.

"Hongera, Sungura. Lakini tope lako ni jekundu."

"Tope ni tope, mama."

"La lambo ni jeusi. Huu ni udongo wa kichuguu."

"Basi nilianguka pale."

"Pale ni pakavu. Ukianguka unatoka na vumbi. Umeukanda kwa maji gani?"

Kila mwenye kiu akamgeukia Sungura. Simba hakuchukia ujanja, mradi asiibiwe yeye. Akaenda kichuguuni, na kwenye nyasi ndefu za nyuma akakuta madumu manne yamejaa maji ya kisima chake, na alama za baiskeli ya Sungura iliyofika pale ikalazwa.

"Fisi, wewe hukuhesabu?"

"Nilihesabu, Mfalme."

"Ngapi?"

"Mifupa mitatu."

Simba akatangaza kwamba alijua tangu mwanzo. Dumu la Sungura likapelekwa mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya la Fisi, na la Bi Ngiri likawekwa mbele. Yale manne wakapewa wanawe. Walikunywa bila kupumua, na mama yao akakaa chini kwa mara ya kwanza siku hiyo, akalia kidogo, kisha akaanza kuunga mnyororo.

Kutoka mstarini hadi kichuguuni si mbali, na huko ndiko mbio za Sungura zilikoishia. Njia ya mwongo ni fupi.