Bi Mishi Auza Nyumba

Soko la nyumba lilikuwa limeanguka mwaka ambao Bi Mishi wa Kisauni alitaka pesa za kumwoza bintiye. Salmini, tajiri aliyekulia Arabuni, akamjia mbio.

"Bibi, hapa naona kuta na makuti tu. Nitalipa bei ya kuta na makuti, zaidi ya hapo sitoi."

"Soko likilala huamka, mwanangu. Hutaniongeza hata kidogo?"

"Ng'o."

Bi Mishi akaguna, akawaita majirani wawili. "Mnisikilizie. Bwana huyu anunua kuta na makuti. Ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo hasa," Salmini akajibu, akicheka.

Akalipa, akaifunga nyumba kwa kufuli, akangoja soko liamke. Miaka ikapita, barabara ya lami ikafika, bei zikapaa. Salmini akaleta vibarua wakabomoa nyumba yote ili ajenge ghorofa.

Kifusi kilipokwisha kuzolewa, Bi Mishi akaja na mkeka, akautandika katikati ya uwanja, akaketi.

"Bibi, hapa ni pangu," Salmini akasema.

"Vyako vilikuwa kuta na makuti, mwanangu, na umevibomoa mwenyewe. Kwetu hapa nyumba huuzwa mbali, na ardhi nayo huuzwa mbali, waulize majirani. Ahsante kwa kunisafishia kiwanja. Haya, sasa niulize bei ya ardhi."