Kisu Kidogo Kisichokata

Hii nimeipata kwa mtu ambaye naye alitumiwa. Kabla hujaipeleka kwenye kundi la familia, isome mwenyewe hadi mwisho, halafu jiulize ni nani umemnunia siku hizi, na ni nani aliyekutia maneno hadi ukamnunia.

Palikuwa na meja mstaafu huko Iringa, jina lake Kihwele. Wastaafu wenzake walifuga nguruwe na kupanda parachichi. Yeye alikusanya visu. Si hivi vya dukani, ila visu vya Nepali vinavyoitwa kukuri, vilivyofuliwa kwa nyundo, vyenye ubapa ulioinama mbele kama mtu anayechungulia dirishani.

Ukimtembelea, chai ilisubiri kwanza. Alikueleza jinsi mhunzi wa kule anavyoupasha ubapa moto hadi uwe mwekundu, kisha anachukua birika na kumimina maji kwenye ukingo wa makali peke yake, ili makali yawe magumu na mgongo usivunjike. Meja aliyaonyesha hayo kwa birika la mke wake, na kitambaa cha meza kikalowa. Mkewe alikwisha kuzoea.

Katika visu vyake vyote alikuwa na kimoja alichokipenda mno. Alipewa na Sajenti Purna Rai, Mnepali waliyelinda naye amani katika nchi ya watu. Alikabidhiwa siku ya kuagana, lori tayari linanguruma, bila nafasi ya maelezo. Ala yake ilikuwa ya mti uliovikwa ngozi ya nyati, na nyuma ya ala palikuwa na mifuko ya visu viwili vidogo, watoto wa kile kikubwa.

Hao watoto Meja hakuwahi kuwachomoa. Ngozi ilibana, naye aliogopa kuichana. Aliwapangusa vishikio kwa nje, akatabasamu, akafunga sanduku. Mapenzi ya namna hiyo mimi yananitia shaka, lakini tuendelee.

Siku moja Meja alitakiwa kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Sanduku la visu alimwachia rafiki yake wa miaka mingi, Osmund Gama, fundi cherehani.

"Usimfungulie mtu," akamwambia. "Na wewe mwenyewe usifungue."

"Nifungue ya nini? Nina mikasi yangu," Gama akajibu. Akalisukuma chini ya kitanda chake, akalala juu yake hadi mwenyewe aliporudi.

Meja alirudi anaona vizuri. Kwa furaha akapiga picha visu vyake na kuzituma kwenye kundi la simu la wapenzi wa visu vya asili. Haukupita muda akapata mgeni kutoka mjini, mtu nadhifu, aitwaye Kessi, msimamizi wa kundi lile. Alikuja na glavu nyeupe na kioo cha kukuzia. Mtu akivaa glavu kushika kitu cha mwenzake, wengi wetu tunaona heshima. Mimi naona mtu asiyetaka kuacha alama.

Kessi alikisifu kisu cha Purna hadi Meja akaona haya. Kisha, taratibu, akawachomoa wale watoto. Cha kwanza akakipitisha kwenye karatasi, karatasi ikagawanyika. Cha pili akakipitisha, karatasi ikakunjamana. Akavua glavu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Hakikukata kitu. Akatikisa kichwa.

"Vipi?" Meja akauliza.

"Hakuna neno."

"Sema tu, bwana."

"Mimi ni mgeni, Meja. Sitaki kuingilia ya watu." Kessi akakirudisha kile kisu polepole. "Ila nikuulize. Sanduku hili limewahi kukaa kwa mtu?"

Zingatia hapo. Hakumtaja mtu. Alifungua mlango tu, akamwacha Meja aingie mwenyewe.

"Lilikaa kwa Gama," Meja akasema, na jina la rafiki yake likamwachia uchungu mdomoni.

"Basi," Kessi akasema. "Mimi sijasema kitu."

Tangu siku hiyo Meja hakuwa na raha. Gama akichelewa kuja, alikuwa anajificha. Gama akiwahi, alikuwa anajikosha. Gama akiuliza, "Mnepali wako hajambo?" Meja aliwaza, anaulizia nini huyu? Alipokwenda kwa Gama akamkuta mke wa Gama anakata kuku kwa kisu kikali, alikiomba akiangalie, akakijaribu kwa kidole, akajikata. Kilikuwa kisu cha sokoni chenye mpini wa plastiki. Hata hivyo alirudi nyumbani akiwaza, mtu mjanja si anabadilisha mpini?

Angempigia simu Purna angeujua ukweli palepale. Lakini aliona aibu. Utamwambiaje mtu kwamba zawadi yake umeiacha ikaibwa?

Akaamua kumtega Gama. Akamwita chai, na juu ya meza akakiweka kile kisu kidogo, peke yake, kwenye sahani.

Hapa wasiotoka kwetu waelewe jambo. Meja ni Mhehe na Gama ni Mngoni, na makabila hayo ni watani tangu vita vya mababu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Hakasirikiwi. Kwa hiyo Gama aliingia kama alivyoingia siku zote, anapaza sauti kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, mwizi wa ng'ombe! Umenipikia nini leo?"

Meja hakucheka. Gama akaketi, akakiona kisu, akakishika, akakijaribu kwenye kitumbua.

"Kakisu gani haka? Hakakati hata kitumbua."

"Umejuaje kama hakakati?"

"Si nimejaribu hapa mbele yako, mtani?"

"Umejaribu leo, au ulijua zamani?"

Gama akacheka, akatia sukari kwenye chai.

"Wewe ni mwizi, Gama," Meja akasema.

"Mwizi ni babu yako! Ng'ombe wetu alivuka nao mto, hadi leo hatujaona hata kwato."

"Umeniibia kisu cha asili ukaniwekea chuma butu."

"Na mkia wa yule fahali ndio mnaofukuzia nzi hadi leo."

"Osmund. Leo hatutaniani."

Gama alikuwa amekwisha kuinua kikombe. Alikiteremsha bila kunywa. Alimtazama Meja usoni, akakitazama kile kisu, na uso wake ukazeeka palepale mezani. Mtu aliyemtukana mchana kutwa maisha yake yote sasa alikuwa anamtukana kweli, na alihitaji muda kulielewa tusi.

"Sikufungua sanduku lako," akasema.

"Kila mwizi husema hivyo."

"Sasa nikwambie nini? Ningelifungua, leo ningekuwa na la kujitetea. Ningekwambia kisu kilikuwa hivi au hivi. Sijui kilikuwaje, Meja. Uliniambia nisifungue."

Akasimama, akaondoka, na chai ikapoa pale. Jibu lile lilikuwa wazi, lakini mtu akishaamua kushuku, hata jibu la kweli analihesabu kuwa ujanja.

Kessi hakuchelewa kupiga simu. Alimpa pole ndefu. Kisha akasema kwamba kisu kisicho kamili hakina heshima, wakusanyaji wanakicheka, ila yeye kwa huruma yake yuko tayari kukichukua. Atampa Meja kingine kilicho kamili, kinachong'aa, chenye watoto wawili wakali wote. Wabadilishane tu, ndugu kwa ndugu.

Wakabadilishana. Meja alikijaribu kisu kipya mbele ya mkewe. Watoto wote wawili walipasua karatasi. Akakilaza sandukuni kwa faraja, akaona walau jambo moja limekaa sawa.

Ikafika sikukuu ya Dashaini, ambapo Wanepali huvipanga visu vyao na zana zao za kazi, wakavipaka rangi nyekundu na kuviwekea maua. Kila sikukuu kama hiyo Purna humpigia Meja simu ya video, wakazungumza kwa Kiingereza chao kile kile cha kambini.

"Nionyeshe kisu chetu," Purna akasema.

Meja akakiinua. Purna akasogeza uso karibu na simu.

"Hicho nini?"

"Kisu. Nimepata kilicho kamili. Cha kwanza mtoto mmoja aliharibika. Hawa wanakata wote."

"Wanakata wote wawili?"

"Sana!"

"Sasa hicho kikubwa kitanolewa na nani?"

Meja hakuelewa. Purna akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Katika wale watoto wawili, mmoja hukata. Wa pili, mhunzi humwacha bila makali kwa makusudi. Huyo ndiye kinoleo. Makali ya kisu kikubwa yakilala, yeye huyaamsha, na zamani ndiye aliyegongwa kwenye jiwe kutoa cheche za moto. Akitiwa makali hana kazi tena.

"Cha kwako kilifuliwa na mjomba wangu," Purna akasema. "Na hicho ulichoshika wanauziwa watalii, wakatundike ukutani."

Meja alifungua lile kundi la simu. Kisu cha Purna kilikuwepo. Kessi alikuwa amekitandikia kitambaa cheusi, na mbele kabisa amemlaza yule mtoto butu, peke yake, kama bibi harusi. Chini ya picha aliandika kwamba ni kisu adimu, kamili, na kwamba hata kinoleo chake cha asili bado kipo.

Meja aliandika, "Hicho ni changu." Kabla hajaongeza neno, alitolewa kwenye kundi.

Kisu basi kilikwenda. Lakini siku hiyo Meja hakukililia kisu. Alivaa koti, akashika fimbo, akaenda kwa Gama kwa miguu, na njia nzima alikuwa anaogopa kufika.

Gama alimpokea vizuri. Alimpa kiti, mkewe akaleta chai. Meja akasema yote bila kujitetea, tangu glavu hadi simu ya Purna, na machozi yakamtoka, mtu mzima.

"Nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Meja," Gama akasema. "Yamekwisha."

Alimaanisha. Gama si mtu wa kinyongo. Wakanywa chai, wakaongea habari za mvua na bei ya mbolea. Hapakuwa na tusi hata moja. Meja alipoaga, Gama alimsindikiza hadi mlangoni, akamzuia kwa upole.

"Subiri. Simu unayo?"

"Ninayo."

"Miwani?"

"Hii hapa."

"Tazama na mfukoni. Kofia je? Rudi utazame na pale ulipokaa."

"Osmund, jamani..."

"Tazama tu, Meja. Ili ukifika nyumbani ukakosa kitu, ujue hakikubaki kwangu."

Meja alirudi ndani, akatazama chini ya kiti, huku mwenye nyumba amesimama mbali na kile kiti, mikono nyuma.

Bado wanatembeleana hadi leo. Na kila wanapoagana, Gama humtaka Meja akague mifuko yake kwanza, ndipo amfungulie mlango.

Funzo: Mtu akikuonyesha mwizi nyumbani kwako, mkague kwanza huyo anayeonyesha, kwa maana rafiki uliyemshuku bure anaweza kukusamehe siku hiyo hiyo, lakini hatakaa tena na wewe bila kujilinda.